Tuzo ya Kunyamaza

Mheshimiwa Waziri wa Biashara, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Balozi, unayeziwakilisha nchi washirika katika mkataba wetu wa biashara, Mheshimiwa Mbunge uliyekubali kuja ingawa una vikao, Ndugu Katibu Mkuu, bosi wangu hadi jioni ya leo, wakurugenzi, wenzangu wa ujumbe wa majadiliano, madereva, wahudumu na walinzi wa jengo hili, baba watoto wangu, mdogo wangu na wifi yangu mliokaa kule nyuma karibu na mlango, pamoja na mafundi mliofuatana nao, wageni waalikwa wote: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake. Na nikimruka mtu asihesabu kuwa ni dharau, ahesabu kuwa ni uzee, maana ndiyo sababu mnaniaga.

Nimezisikiliza sifa nilizomwagiwa tangu tulipoketi. Mara mbili nimegeuka nyuma kumtafuta huyo mwanamke anayesifiwa, nikidhani amekaa safu nyingine. Katibu Mkuu amesema mimi ni kisima, ukitumbukiza jiwe halirudi. Mshereheshaji amesema hata mume wangu hajui nilichokuwa nafanya, na mume wangu akaitikia kwa kichwa, tena kwa nguvu mno kwa mtu mwenye mgongo mbovu. Nanyi wenzangu leo mmelisema hadharani lile jina mlilokuwa mkiniita kwenye korido mkidhani sijui: Mama Kufuli. Nilikuwa najua. Miaka yote hiyo nilikuwa najua, na nilikuwa nalipenda.

Kisha, Mheshimiwa Waziri, ukanikabidhi ngao hii. Imeandikwa kwa herufi za dhahabu: "Kwa Utunzaji wa Siri Uliotukuka." Ukumbi mzima ukapiga makofi, nami nikainamisha kichwa. Najua mlidhani ni unyenyekevu. Ndugu zangu, nilikuwa naona haya. Sikuwa na mahali pa kuuweka uso wangu, nikautazama mkeka wa mlangoni.

Naomba mnivumilie niseme ni haya ya nini. Nitakuwa mrefu kidogo. Chai iko kwenye chupa, haitapoa.

Nianze na jamaa zangu, kwa sababu wao wamealikwa hapa bila kujua hasa nilikuwa nafanya kazi gani. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, aliambiwa niko kwenye biashara ya nje, akafa akiamini nauza magari. Kila akiniona alinikumbusha nimtafutie moja la bei nafuu. Sikuwahi kumsahihisha. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ghorofa ya tano ya jengo hili kuna chumba ambacho dirisha lake halifunguki. Mlangoni kuna kikapu, simu zinalala humo. Mkoba unaachwa kwa mlinzi. Ndani unapewa kalamu ya wizara na ukitoka unaiacha. Matini ya mkataba huchapwa kwenye karatasi za samawati, ili ukiiona karatasi ya rangi hiyo mtaani imefungiwa karanga ujue imetoroka. Na nyuma ya maandishi, kwa wino hafifu, limepita jina la mwenye nakala, kutoka kona hadi kona, kila ukurasa. Mtu akivujisha, anajivujisha mwenyewe. Utaratibu huo niliubuni mimi. Nchi washirika waliusifu, wakauiga.

Waheshimiwa wabunge walipolalamika kwamba wanatakiwa kupigia kura kitu wasichokiona, tuliwafungulia mlango. Kila mmoja alipewa saa moja, peke yake, bila msaidizi na bila kalamu, baada ya kuapa kwamba hatawaeleza waliomchagua. Mheshimiwa Mbunge uliyekaa hapo mbele, wewe uliwahi kuwa mwalimu, na mwalimu husoma neno kwa neno. Ulipotoka nilikuuliza, "Vipi, Mheshimiwa, umeridhika?" Ukanijibu, "Mama, nimesoma maana ya maneno. Nilipofika kwenye mambo, muda ukaisha." Tulicheka sote. Wewe hukujua nacheka nini. Mimi ndiye niliyeagiza maana ya maneno itangulie, na viambatisho vikae mwisho kabisa, ukurasa ambao hakuna mwanadamu angeufikia kwa saa moja.

Sasa msinielewe vibaya. Siri ina mahali pake. Nani kati yenu huenda sokoni akamwonyesha muuzaji mfuko wake kabla ya kuuliza bei? Nililisema hilo kila nilipohojiwa, na nililiamini, na bado naliamini kwa zile siku ambazo bei inaulizwa. Lakini majadiliano yamekwisha, ndugu zangu. Bei imekubaliwa, tumepeana mikono, tumepiga picha. Wale tuliokuwa tunawaficha mfuko wanaujua sasa, maana kilichokuwemo tumewapa wao. Mheshimiwa Balozi anaujua kila mstari wa kila kiambatisho. Basi tunamficha nani? Mgeni anajua kilichotolewa nyumbani kwetu, mwenye nyumba hajui, na mwenye nyumba ndiye anayeambiwa anyamaze kwa maslahi ya taifa. Nilikaa na swali hilo wiki nzima bila kupata jibu lisiloniaibisha.

Turudi kwenye faida, kwa sababu Mheshimiwa Waziri umezitaja, na ukumbi ukashangilia. Ajira mpya laki moja. Mimi ndiye niliyeisema hiyo laki moja redioni, kwa sauti hii hii. Ilitoka wapi? Yupo hapa kijana wetu wa uchumi, tunayemwita Bwana Asilimia. Usijikunyate, mwanangu, wewe huna kosa, uliulizwa ukajibu ukweli. Siku ile nilimwita mezani kwangu.

Nikamwambia, "Nifafanulie hii laki moja kwa lugha ya mtu mzima."

Akasema, "Mama, ili hesabu ianze, kompyuta inataka tukubali jambo moja. Mtu akipoteza kazi, anapata nyingine."

"Baada ya muda gani?"

"Kwenye kompyuta ni papo hapo."

"Kwa hiyo hakuna anayekosa kazi?"

"Kwenye hesabu, hakuna. Wanahama tu."

"Fundi viatu anahamia wapi?"

Akafikiri kidogo. "Sekta zinazokua. Huduma za fedha, kwa mfano."

Nilicheka hadi miwani ikadondoka. Nilimwona mdogo wangu, vidole vimegandamana kwa gundi, anaingia benki asubuhi na kuonyeshwa kiti cha meneja. Nilicheka, kisha nikanyanyua simu nikawaambia watu wa redio kwamba niko tayari kwa mahojiano.

Tena hesabu ilikuwapo nyingine. Mhadhiri mmoja, binti mdogo kwa umri, alifanya ya kwake bila kukubali lile jambo la papo hapo. Kwake yeye faida ilikuwa ndogo, ya kuokota kwa kucha, nayo ilikwenda kwa wachache. Na katika nguo na viatu kulikuwa na hasara tupu. Anaweza kuwa amekosea. Wachumi hawajawahi kukubaliana hata kunakucha saa ngapi. Lakini je, tulimbishia? Hapana. Tulimpongeza, tukampa chakula cha mchana, tukaichapa taarifa yake kwenye karatasi ya samawati. Na kilichochapwa kwenye samawati ni siri. Ikawa siri hata kwake aliyeiandika. Akienda kuifundisha darasani, anavunja sheria. Mheshimiwa Waziri, kati ya werevu wote niliowahi kuufanya katika ofisi hii, huo ndio uliosifiwa zaidi, na ndio unaonifanya nizime taa mapema ili nisijione kwenye kioo.

Sasa nimfikie mdogo wangu. Kaa, usiinuke, sijakuita.

Baba yetu alifariki huyu akiwa bado hajajua kufunga kamba za viatu. Mimi ndiye niliyemfundisha, na angalia nilichokianzisha, leo anashona viatu vya shule. Karakana yake iko nyuma ya soko, kibanda ambacho watu wawili wakiingia wa tatu anasubiri nje. Ngozi zimening'inia ukutani, kalibu za miguu ya watoto zimepangwa rafuni kwa ukubwa, harufu ya gundi inakushika koo tangu nje. Viatu vyake ni vyeusi, vizito, vibaya kwa sura, na havifi. Mtoto anaviacha kwa sababu mguu umekua, siyo kwa sababu kiatu kimechoka. Kisha vinavaliwa na anayemfuata. Mara ngapi nimemwambia, "Wewe utafilisika kwa uaminifu"? Nilikuwa natania.

Kwetu tuna desturi yetu. Kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na sina subira, jambo lolote la ukoo huletwa kwangu na kusemwa mara moja. Nikiwa na neno, nalisema hapo hapo, na mnaonijua mnajua sihitaji kuombwa. Nikinyamaza, limepita. Hakuna kikao, hakuna kura. "Dada amenyamaza, limepita." Wifi yangu, wewe mwenyewe uliletwa sebuleni kwangu ukiwa unatetemeka, ukaniamkia, nikakutazama toka juu hadi chini, nikanyamaza, na kabla hujajua umefanya kosa gani, shangazi zako wa leo wakapiga vigelegele. Ndivyo ulivyoolewa.

Jumapili moja, majadiliano yakiwa yamekwisha tayari, hawa wawili walikuja nyumbani. Mdogo wangu alikuwa amenyoa ndevu, nikajua kuna jambo.

Akasema, "Dada, sikuja kuuliza siri zenu. Najua umeapa."

Nikasema, "Vizuri."

"Nina jambo langu tu. Sisi mafundi wa soko tumechoka kugombania wateja. Tunataka kuungana, tuwe chini ya paa moja. Lile ghala la zamani la mbao limepatikana. Tutashona viatu vya shule vya nchi nzima. Watoto hawaachi kukua, dada."

Nikanyamaza.

"Vibanda vyetu tutavirudisha ofisi ya soko. Tunajua kukipata tena kibanda ni kazi, watu wako kwenye foleni miaka. Lakini huwezi kushika matawi mawili kwa mkono mmoja."

Nikanyamaza. Nikakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari.

Akasubiri. Sijapata kuona mtu anasubiri kwa adabu namna ile. Wifi alikuwa anautazama mdomo wangu. Mimi nikawa nafikiri kama mtumishi wa umma. Nikisema "usifanye", nimevujisha. Nikisema "fanya", nimedanganya. Nikasema moyoni, njia safi ni kutosema chochote, na nikajiona mwadilifu kweli kweli.

Kisha mdogo wangu akatabasamu, akamgeukia mkewe. "Umeona? Limepita."

Wifi akanikumbatia. Alikuwa analia kwa furaha. Nami nikampigapiga mgongoni.

Ndugu wageni, mtu anaweza kusahau desturi ya nyumbani kwake mwenyewe? Siku ile nilijiambia nimesahau. Nilijiambia kwamba nimezoea kimya cha ofisini, kimya kisichosema kitu, hata sikukumbuka kwamba nyumbani kimya changu ni ruhusa. Nimekaa na kisingizio hicho tangu siku ile. Kidogo kilikuwa kinanipa usingizi.

Mpaka juma lililopita, kwenye chakula tulichoandaliwa kama ujumbe. Hapa naomba nitoe pongezi. Nampongeza mwenzetu mmoja, simtaji, maana anajijua na sasa hivi anatafuta kitu chini ya kiti. Shemeji yake amekodi ghala kubwa karibu na bandari. La kuwekea nini? Viatu. Viatu kutoka nje, makontena kwa makontena. Alilikodi lini? Mwezi uleule tulipofunga kiambatisho cha bidhaa. Nampongeza na mwingine, ambaye mkewe alikuwa na duka zuri la viatu vinavyoshonwa hapa hapa, akaliuza ghafla kwa mjane mmoja mpole na kufungua la simu. Wote waliapa kama mimi. Wote karatasi zao zina majina yao kwa nyuma. Hakuna aliyetoa hata ukurasa. Ukonyezo hauchapwi kwenye karatasi.

Kwa hiyo siri yetu ilivuja, jamani. Ilivuja tangu zamani. Iliwafikia wote waliokuwa na jamaa katika chumba kile, isipokuwa mtu mmoja, kwa sababu jamaa yake alikuwa mimi, mwaminifu. Uaminifu ninaopewa ngao leo haukumlinda mwananchi yeyote. Umemwangukia mdogo wangu peke yake, na yule mjane aliyeuziwa duka.

Naona mshereheshaji ananionyesha saa. Nimeiona, mwanangu. Mheshimiwa Waziri, naona nawe umevuta kiti. Nakuomba, kwa hisani ya miaka yote niliyokunyamazia wewe na wale waliokutangulia, unipe dakika nilizobakiza.

Nimesema kwamba ofisini kimya changu hakikuwa kinasema kitu. Huo ulikuwa uongo, naufuta. Siku ya mwisho ya majadiliano, meza ndefu, kila mtu amechoka, makoti yamening'inia migongoni mwa viti. Wenye saruji wa nchi yetu walikuwa wameshatutembelea mara kadhaa. Walijua kuna kikao, msiniulize walijuaje. Walitaka waachiwe kinga yao ya ushuru kwa miaka kumi, na upande wa pili ukasema sawa, lakini nanyi mtupe kitu. Mwenyekiti wao akapitisha kidole kwenye orodha, akasoma bidhaa moja, kisha akatutazama.

"Viatu?"

Wenzangu wote wakanigeukia, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa kiongozi. Wenye viatu hawakuwa wamemtembelea mtu. Walikuwa vibandani, wanashona. Nilikuwa na neno. Lilikuwa limefika hapa, kwenye koo. Nilijua ni kazi ya nani inayotajwa. Nikaona ndege yetu inaondoka jioni ile, nikaona hotuba ya pongezi, na kusema kweli nikaona pia sherehe kama hii. Nikanyamaza.

Mwenyekiti akasubiri kidogo, kisha akasema, "Hakuna pingamizi. Limepita."

Maneno yale yale. Hata leo sijui kama ndugu yangu aliyachukua kwao au wao waliyachukua kwetu. Kwa hiyo nilipokaa Jumapili ile nikikoroga chai isiyo na sukari, sikuwa nimesahau kimya changu kinamaanisha nini. Nilikuwa nimeshakitumia mara moja, dhidi ya mtu yule yule, na kilikuwa kimefanya kazi. Hiyo ndiyo aibu yangu. Sitafuti jina jingine la kuipunguza.

Jana jioni mdogo wangu alinipigia simu. Akasema, "Dada, kesho tunakuja sote kukuheshimu. Kesho kutwa asubuhi ndiyo tunarudisha funguo za vibanda." Kisha wifi akaleta hivi viatu nilivyovaa, vyeusi, vizito, vimenitosha kama vile aliukata mguu wangu akaenda nao kazini. Na tazameni kule nyuma. Mafundi wamekuja wamevaa viatu walivyoshona wenyewe, vimepigwa rangi vinang'aa. Wamekuja kunishangilia. Mzee mmoja wao amenishika mkono pale mlangoni akasema, "Mama, wewe ndiye uliyetupa baraka." Nikamwitikia. Mngefanyaje nyinyi?

Sheria inasema kiambatisho hakitangazwi mpaka miaka mitano ipite tangu mkataba uanze. Bunge linapiga kura wiki hii. Nilipanda jukwaani nikiwa na hotuba nyingine mkononi, fupi na nzuri, imejaa shukrani. Hii hapa, ameiandika kijana wa itifaki, Mungu ambariki. Sitaisoma.

Mdogo wangu, nisikilize. Sasa nakuita.

Viatu vimo. Kiambatisho cha pili kimezipanga bidhaa kwa makundi. Kuna zile ambazo ushuru wa kuingiza nchini utapungua polepole kwa miaka kumi, ili wenyewe wajiandae. Ndiko iliko saruji. Na kuna kundi la kwanza, ambalo ushuru unafutwa wote siku mkataba unapoanza. Viatu viko kundi la kwanza. Vya ngozi, vya plastiki, vya kuchezea mpira, vya shule. Vya shule vimetajwa kwa jina. Vile vitakavyokuja vitauzwa chini ya bei unayonunulia soli. Si vizuri kama vyako, vitakufa miezi miwili, lakini mzazi mwenye watoto watatu hatangoja miezi miwili ndipo aamue.

Msirudishe vibanda. Hilo ghala liacheni. Labda bado mtashona, labda mtatafuta kitu kingine cha kushona, nyinyi ni mafundi na akili mnazo kuliko hesabu yetu ilivyowapa. Lakini msiachie kile kidogo mnachokishika kwa sababu dada yako alinyamaza. Sikuwa nimeridhia. Nilikuwa naogopa.

Mheshimiwa Balozi, huna haja ya kuandika. Hakuna hata moja nililosema usilolijua. Mheshimiwa Mbunge, wewe andika. Muda wako ulikwisha kwenye maana ya maneno, na haya ndiyo yale mambo. Bwana Asilimia, mtafute yule mhadhiri umwambie nimesema hadharani kwamba taarifa yake ipo, kwa hiyo akiulizwa darasani aseme alinisikia mimi. Na Mheshimiwa Waziri, wala sikimbii. Nyumbani kwangu mnakujua, maana mlinileta na gari lenu miaka yote. Kuna adhabu kwa nililolifanya sasa hivi, naijua, nilishiriki kuiandika. Kwa nililolifanya pale mezani hakuna adhabu, kuna sherehe na keki. Ningependa mtu siku moja aniambie tulifikaje hapo.

Mume wangu, samahani. Ulikuwa umeshachora bustani tutakayolima nikistaafu. Huenda ukaanza peke yako.

Naona kule nyuma wamesimama. Mlinzi, tafadhali usiwazuie, wafungulie mlango wote wapite. Ndiyo, nendeni, ofisi ya soko bado haijafungwa, na kuna wenzenu ambao hawakuja hapa na huenda wamekwisha kutangulia na funguo. Wifi, mkoba wako umeuacha kwenye kiti. Haya. Mzee, angalia ngazi.

Mdogo wangu amepita bila kunitazama. Nilidhani pengine angegeuka pale mlangoni. Hakugeuka. Mtoto niliyemlea kwa mkono huu hajawahi kutoka nilipo bila kuniaga, na leo ametoka, na sina neno la kumlaumu. Ana haki. Mshereheshaji, usiweke muziki bado, namalizia.

Nawashukuru wenzangu kwa miaka tuliyofanya kazi pamoja, na wahudumu mliokuwa mnanibakizia chai hata nilipochelewa. Namshukuru mume wangu kwa kutoniuliza, laiti ungeniuliza. Nawashukuru nyote mlioketi mkanisikiliza hadi mwisho. Waliotoka kabla sijamaliza ndio niliokuwa nikizungumza nao.